Karanga Ndani ya Mandolini

Fundi anayeitengeneza mandolini ya baba alinipigia simu wiki iliyopita akaniuliza, kwa adabu nyingi, kama kuna mtu aliyewahi kula karanga ndani yake. Nilikuwa kazini, hapa Kitale, nikacheka mpaka wenzangu wakageuka kuniangalia. Yeye akadhani nimeudhika, akaanza kujieleza: ameubandua ubao wa juu kwa kisu cha moto kama tulivyokubaliana, ili augundishe upya mahali ulipoachia, na tangu aubandue, banda lake lote linanukia karanga. Tena ndani, upande wa chini, kuna doa jeusi la mafuta, dogo, mfano wa kiganja cha mtoto. Nilimwambia kiganja hicho ni changu na asiguse kitu mpaka nifike.

Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kazini kwangu hadi kwake, na nusu saa hiyo yote nilikuwa Kakuma.

Tuliishi Kakuma mjini, ng'ambo ya mto mkavu unaotenganisha mji na kambi ya wakimbizi, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili na baraza mbele. Mama alikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto. Baba alikuwa karani wa serikali Lodwar, ofisi ya maji. Alikuja kwetu Ijumaa jioni na kurudi Jumapili baada ya ibada. Sisi kwetu ni Bungoma, lakini mimi Bungoma niliijua kwa likizo tu. Kusoma, kuogelea kwenye maji ya mafuriko, kula nyama ya mbuzi kwa mkono wa kulia na kufukuza mbuzi wa jirani kwa mkono wa kushoto, yote hayo nilijifunzia Turkana.

Baba alikuwa na mandolini ya dukani, nyekundu, aliyoinunua kabla hajaoa. Aliipiga kwenye kwaya ya kanisa letu la Lodwar na aliipiga barazani kwetu kila Jumamosi, na ilisafiri naye kwenye gari la ofisi ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Mama alikuwa akiiita mke mwenzake. Baba alikuwa akimjibu kwamba huyu mwenzako angalau ukimkwaruza hutoa sauti nzuri, kisha anajificha nyuma ya mlango.

Ijumaa moja gari hilo lilipinduka katikati ya Lodwar na Kakuma, mahali ambapo barabara ilikuwa imeliwa na maji. Dereva alitoka na michubuko. Baba alivunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa begani, mara mbili, na mandolini ikabaki shingo yake tu na vibanzi vya rangi nyekundu. Alilazwa Lodwar wiki nyingi. Nilipopelekwa kumwona alinionyesha nundu iliyochomoza pale mfupa ulipojiunga vibaya, akaniruhusu niiguse kwa kidole kimoja. Daktari alikuwa amemwambia asibebe kitu chochote kizito kwenye bega hilo. Sasa, mkanda wa mandolini hupita juu ya bega la kushoto, bega hilo hilo, na mandolini hupigwa mtu akiwa amesimama mbele ya kwaya, si akiwa ameketi kama mgonjwa. Baba aliyasema hayo mara moja tu.

Akapewa likizo ya ugonjwa, akaja kukaa nasi Kakuma. Mimi nilifurahi kumpata siku saba za wiki, lakini aliyekuja hakuwa yule wa Jumamosi. Alikaa barazani tangu chai ya asubuhi mpaka jua lihamie ukutani, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Alitoboa mkanda wa suruali kwa msumari, kisha akatoboa tena. Wageni wote waliokuja kumpa pole walisema neno moja wakiwa bado wanavua viatu: amepungua. Walilisema polepole, wakimwangalia mama.

Neno hilo mimi nilikuwa nimelijua vizuri kabla yao. Nilikuwa darasa la pili, na tukitoka shule saa saba nilikwenda kumngoja mama kliniki. Pale kulikuwa na mizani ya kuning'inia yenye uso kama wa saa, na chini yake suruali ya kitambaa ambamo watoto wachanga walitiwa, miguu ikachezacheza hewani. Mama aliusoma mshale, akamwambia karani wake aandike, na kwa akina mama waliokuwa wakingoja alikuwa na maneno mawili tu. Ameongeza, au amepungua. Aliyeongeza alipigiwa makofi, mama yake akacheka. Aliyepungua alipewa pakiti za uji mzito wa karanga, zile za karatasi ya fedha ambazo unabonyeza na kunyonya, na mama yake alikwenda zake bila makofi.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Ekai, wa umri wa kutambaa. Mama yake alikuwa mtu wa kunisalimu kama mtu mzima, ejok Nafula, ananishika mkono. Wiki tatu mfululizo Ekai alipungua. Wiki ya nne hawakuja. Mama alizitia pakiti mbili za Ekai ndani ya mkoba wake akasema atazipeleka akisikia walipo, na nilipomwuliza wako wapi, akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sijui, mama." Nikajijibu mwenyewe. Mtoto wa miaka minane hashindwi kumaliza hesabu kama hiyo.

Wakati huo ndipo Papa Furaha alipoingia maishani mwetu. Alikuwa fundi seremala kutoka Kongo, anaishi kambini na mkewe na binti yake Furaha, na mama alikuwa amemwita arekebishe mlango wetu uliokuwa ukiburuta chini. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na alizungumza Kiswahili cha kwao kilichonifanya nimfuate kila hatua ili nisikie zaidi. Akiwa anaupiga randa mlango aliiona ile shingo ya mandolini nyekundu imelala juu ya kabati. Aliishika, akaigeuza, akamwuliza baba mwili wake uko wapi. Baba akamwambia uko barabarani.

"Miye nitakutengenezea ingine," Papa Furaha akasema.

Baba akamweleza habari ya bega. Akamwambia mandolini za kuchonga kwa mkono ni nzito kama kinu, na hata ile ya dukani sasa ingemshinda. Papa Furaha akamwuliza ni uzito gani ambao bega lingekubali. Baba, ili amalize mazungumzo, akasema kilo moja na vyote vyake, nyuzi na mkanda. Papa Furaha akafikiri, akasema sawa. Kisha akasema ataichonga kwa mathenge.

Hapo baba alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mathenge ni ule mti wa miiba ambao Turkana nzima huulaani. Umeziba njia, umetoboa tairi, umeharibu meno ya mbuzi, na mbao zake ni nzito na ngumu kiasi cha kurudisha shoka. Kutafuta wepesi ndani ya mathenge ilikuwa kama kutafuta maziwa kwa fahali. Lakini Papa Furaha alikuwa ameuchunguza miaka aliyokaa kambini. Alisema mbao nyingine zote jua la Kakuma linazipinda, ila huo ukikauka hauendi popote, na kwa sababu una nguvu, unaweza kuuchonga uwe mwembamba kuliko mti wowote na bado utashika. Ubao wa juu atautoa kwenye mbao laini za masanduku ya chakula cha msaada. Uzito, alisema, siyo shida ya mti, ni shida ya fundi mwoga.

Alikuja Jumamosi iliyofuata na gogo alilokwisha kulichonga nje kwa umbo la tone la maji, pamoja na shingo yake, likiwa limechimbwa ndani kama mwiko mkubwa. Akaweka sharti. Yeye angefanya kazi za nguvu, lakini kukwangua ndani kungekuwa kazi ya baba, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa patasi ndogo iliyopinda na vipande vya chupa, maana mkono wa kushoto unahitaji kushika kitu la sivyo utasahau. Kila Jumamosi atakuja wapime. Nadhani mama alikuwa amemtafuta pembeni wakapanga hayo. Hakukiri hata siku moja.

Mizani ilikuwepo. Kliniki ilikuwa imeletewa mpya, na ile ya zamani, iliyokatika ndoano, mama alikuwa ameomba ije nyumbani. Baba akaifunga kwa waya kwenye boriti ya baraza, na suruali yake ya kitambaa. Mandolini ikavalishwa suruali, shingo ikatokezea juu, ubao wa juu na vigingi vya nyuzi vikatiwa mguu wa pili ili vihesabiwe pamoja. Mama akaitwa asome kwa sababu ndiye aliyekuwa na jicho. Siku ile ya kwanza mshale ulisimama kwenye kilo tatu kasoro kidogo. Baba, karani hata akiwa mgonjwa, akaandika kwenye daftari.

Wiki ya pili mama alisoma, na kwa mazoea tu akatamka, "Amepungua."

Baba na Papa Furaha wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya baraza, na sijui kama nitaweza kueleza namna nilivyowaangalia. Watu wazima niliowapenda walikuwa wakishangilia neno baya kuliko yote. Wiki ya tatu, amepungua, makofi. Wiki ya nne, vivyo hivyo. Kila siku baba alikaa na ile mandolini mapajani akiikwangua tumbo, vumbi la rangi ya kahawia likimjaa kwenye vidole vya miguu, akiigonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, akikwangua tena. Papa Furaha alimfundisha kutafuta mahali pasipokuwa na kazi. Alipitisha kidole gumba kwenye mti akasema, "Hapa kamba zitavuta, iko na kazi, uache. Hapa haina kazi, uondoe. Kupunguza haina shida. Shida ni kujua kwenye utasimama." Wakaitoboa hata kisigino cha shingo, wakakipunguza kichwa chenye vigingi mpaka kikawa chembamba kama cha mjusi.

Na baba naye, kwa macho yangu, alikuwa akikonda sambamba nayo. Alikuwa akizungumza zaidi, hilo nililiona, na alikuwa akimtania mama tena. Lakini sahani bado ilirudi imejaa, kwa sababu sasa alisahau kula kama alivyokuwa zamani akikataa. Niliwaona wote wawili wanakwenda njia ya Ekai, mmoja akimkwangua mwenzake. Papa Furaha nilianza kumwogopa. Alipokuja na habari kwamba jina la familia yake limetoka kwenye ubao wa matangazo kambini, kwamba watasafirishwa kwenda nchi ya baridi baada ya wiki nne, wengine walimpa mkono wa pongezi na wa huzuni. Mimi nilishukuru moyoni. Kisha nikamsikia akimwambia baba kwamba lazima waifunge kabla hajaondoka, kwa hiyo itabidi waipunguze haraka zaidi. Ilikuwa kilo moja na gramu mia mbili, na akataka mia mbili ziondoke. Baba alisema anaogopa kuitoboa. Papa Furaha akasema akiogopa, bega ndilo litakalolipa, na hatakuwepo mtu wa kumtengenezea nyingine.

Jumatano, wakati baba amelala usingizi wa mchana na mama yuko kazini, nilifungua mkoba ambao mama aliuacha nyumbani nikatoa zile pakiti mbili za Ekai. Niliikuta mandolini kivulini, wazi, tumbo juu. Niliikata pakiti ya kwanza kwa meno na nikaibonyeza yote ndani, kisha nusu ya ile ya pili, nikaupaka ule uji wa karanga kwa kiganja, taratibu, mpaka kila mahali palipokwanguliwa pakang'aa. Niliiambia kula polepole, usitapike, kama mama alivyowaambia wale wa kliniki. Nikaifunika kwa ubao wake wa juu ili ipumzike. Nusu iliyobaki niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa sare ya shule, kwa ajili ya kesho yake.

Kesho yake sikuipata nafasi. Baba alikuwa akimsaidia Papa Furaha kuchambua nyuzi za waya wa breki za baiskeli, ambazo ndizo zingekuwa nyuzi za mandolini, na kwa siku mbili hakuna aliyeinua kile kifuniko. Joto la Kakuma likafanya kazi yake.

Jumamosi Papa Furaha ndiye aliyeona sisimizi. Mstari wa sisimizi ulikuwa umepanda baraza, umepanda kiti, na unaingia chini ya ubao wa juu kama watu wanaoingia kanisani. Alishangaa kidogo, akawapuliza, akaitia mandolini kwenye suruali bila kuangalia ndani. Mama akainama kusoma. Akasoma mara ya pili.

"Ameongeza," akasema.

Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Papa Furaha aliinua ubao. Akanusa, akatia kidole, akaonja. Kisha akakaa chini pale pale sakafuni, mtu mzima, na mikono yake mikubwa ikabaki magotini. Alisema gundi haishiki kwenye mafuta. Alisema hivyo kwa baba, kwa upole, kama anayempa habari za msiba, kwamba ukingo mzima wa chini umekunywa mafuta na hakuna gundi itakayoushika, na kwamba gogo jingine la mathenge kavu litahitaji miezi ambayo yeye hana.  Baba alikuwa akiangalia mkono wangu, kwa sababu nilikuwa nimeutia mfukoni na karatasi ya fedha ilikuwa ikilia.

Mama aliitambua ile karatasi kabla sijaitoa. "Hizo ni za Ekai," akasema, na sauti yake ilipanda.

Nikamwambia Ekai amekwisha kufa, kwa hiyo hazihitaji.

 Mama alipiga magoti mbele yangu akaniuliza ni nani aliyeniambia hivyo. Ekai hakufa. Wamehamia upande wa Kaaleng na mbuzi wao, yeye mama amepata habari zao juzi, mtoto ana mashavu. Nilisikia lakini sikuweza kujizuia tena. Yote yaliyokuwa yamejazana yalitoka kwa mpigo. Nilisema alipungua ndipo akatoweka. Nilisema mandolini inapungua kila wiki na wao wanapiga makofi. Nilisema na baba anapungua, kila mtu amesema, na hakuna anayempa pakiti.

 Baba aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akaja akakaa kwenye ngazi kando yangu, na akanyoosha mkono, ule wa kushoto. Nikampa ile nusu pakiti. Aliifungua ncha, akaibonyeza kinywani, akala. Alikula yote mbele yetu, baba yangu mtu wa suti ya Jumapili, akaikunja karatasi kutoka chini ili asibakize, akaipasua na kuilamba ndani. Alikuwa na karanga kwenye masharubu. Kisha akaniambia:

"Sikiliza, Nafula. Yeye kazi yake ni kupungua. Mimi kazi yangu ni kuongeza. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Papa Furaha, bado sakafuni, akasema, "Basi leta chakula hapa, huyu baba akule." Mama akaingia jikoni, na mimi nilimsikia akilia kule ndani huku akipakua.

Kilichofuata kilikuwa wiki mbili na nusu za kazi kubwa kuliko miezi yote iliyotangulia. Papa Furaha aliijaza mandolini majivu ya moto ili yanyonye mafuta, akayamwaga, akajaza mengine, akaiweka juani juu ya bati, akarudia. Majivu hayakutosha. Ilibidi mti wenyewe uliokunywa mafuta uondolewe, na hapo yule fundi asiyeogopa akaogopa. Alikwangua kwa kipande cha chupa akishikilia pumzi, anasimama, anaiinua kuelekea jua, anatazama. Baba alikaa naye asubuhi mpaka jioni. Siku moja waliniita niangalie, na nikaona jua likipenya kwenye tumbo la mandolini, jekundu, namna linavyopenya kwenye sikio la mtoto. Papa Furaha alisema asingethubutu kufika pale kwa akili zake timamu. Ukingo wa chini alijitahidi lakini doa moja, pale kiganja changu kilipokaza zaidi, lilikuwa limeingia ndani mno, akaliacha. Alimwambia baba pale gundi itakuwa ikiachia kila baada ya miaka, wawe wanairudishia.

Siku hizo baba alikula. Sikumwacha bila kumchunga. Nilikaa mkabala naye na kuhesabu matonge mpaka mama akanikataza. Jumamosi asubuhi alianza kuandamana na mama mpaka kliniki, anarudi baada ya muda mfupi akipiga mluzi, na nilipomwuliza alikwenda kufanya nini alisema ni mambo ya ofisi.

Waliifunga siku tano kabla ya Papa Furaha kusafiri. Baba aliomba aachwe nayo peke yake kwa dakika chache kwanza, na tukadhani anaiombea. Gundi ilipokauka wakavuta zile nyuzi za breki, wakazikaza kidogo kidogo, sisi sote tukingoja ipasuke. Haikupasuka. Mkanda ulikuwa wa kitenge cha mke wa Papa Furaha, mpana, ili usikate bega. Baba alisimama katikati ya baraza akaupitisha kichwani, akauacha ukae juu ya ile nundu, na tukamwangalia uso. Alitembea hatua mbili. Akainua mabega, akayashusha. Kisha akapiga wimbo mmoja wa kwaya ya Lodwar, vibaya, vidole vikiteleza, na sauti ya ile mandolini ya mathenge ilikuwa kubwa na kavu na ikafika mpaka kwa majirani, maana mbuzi waliokuwa ukutani kwetu waliinua vichwa. Papa Furaha hakumwangalia baba. Alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni mwa mandolini akiusikia mtetemo.

"Sasa iko na kazi pahali pote," akasema.

Walipoondoka tulikwenda kuwaaga mahali mabasi ya uwanja wa ndege yalipopakia watu. Baba alisimama kando ya dirisha lao akipiga, mkanda wa kitenge begani, mpaka basi likageuka. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha na machozi yasiyojua yaende wapi kama Papa Furaha siku ile. Na mimi, niliyekuwa nimemwogopa, nilikimbia nyuma ya vumbi mpaka nikapoteza kiatu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nikiingia kwenye banda la fundi wa Kitale. Baba yuko Bungoma siku hizi, amestaafu, tumbo limemtangulia, na mandolini alinitumia kwa gari la abiria na ujumbe wa maneno matatu: pale pameachia tena. Harufu nilikutana nayo mlangoni. Fundi alikuwa ameiweka juu ya meza wazi, tumbo juu, kama nilivyoikuta Jumatano ile, na doa lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Niliweka kiganja changu juu yake nacho kikalifunika lote na kubaki.

Fundi akasema kuna na maandishi, kama nimeyaona. Akasogeza taa. Ndani kabisa, mgongoni, mahali ambapo jicho halingefika mpaka siku ya kuifungua yote, si kupitisha gundi kwenye ufa tu kama miaka iliyopita, kulikuwa na mwandiko wa baba wa kikarani kwa penseli. Safu mbili, zimepigiwa mstari kwa rula. Juu ya moja ameandika Yeye, juu ya nyingine Mimi. Safu ya Yeye ilianza kwenye ile Jumamosi ya makofi yangu, kilo moja na gramu mia tatu, ikashuka, ikashuka, ikafika gramu mia tisa. Safu ya Mimi ilianza na kilo hamsini na nne, ikapanda hamsini na tano, ikapanda hamsini na saba. Chini yake tena mstari wa rula, na chini ya mstari: Inafungwa leo. Aliyetulisha ni Nafula.

Fundi akaniuliza kama apige msasa hapo pote, aondoe doa na maandishi, gundi ipate kushika vizuri. Nilimwambia hapana, aifunge hivyo hivyo.